Kamera Haina Macho

Mwishoni mwa mwaka mmoja wa masomo, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja, zilitundikwa ubaoni picha za wahitimu. Wote walikuwa wamepigwa picha mahali pamoja, asubuhi moja, mbele ya ukuta mmoja mpana uliopakwa chokaa, na kila mmoja amevaa joho. Ukuta ulitoka vizuri: nyufa zake zilihesabika, ingawa weupe wake uligeuka kijivu kama wingu la masika. Wahitimu wenye ngozi ya maji ya kunde walitambulikana kwa taabu. Wenye weusi wa kukolea hawakutambulikana kabisa. Palikuwa na kofia, palikuwa na joho, na baina yake kiza chenye meno.

Binti mmoja kati yao, niliyemfundisha miaka mitatu, alikwenda kuomba picha yake irudiwe. Akajibiwa kwamba kamera ile ni mpya, ya thamani kubwa, inajipangia yenyewe kila kitu, na kamera haisemi uongo. Kama uso haukuonekana, basi ndivyo ulivyo. Alipong'ang'ania, picha ilitiwa katika kompyuta ikaongezwa ung'avu. Kiza kikaondoka, lakini uso haukuja. Mahali pake palikuja rangi ya majivu iliyojaa chenga, kama ngozi iliyokosa mafuta wakati wa kipupwe. Binti yule aliichukua, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Mimi sikushukuru, na ndiyo sababu ya maneno haya.

Nadai jambo moja tu. Kupanga nuru ya picha ni hukumu, na hukumu haikabidhiwi chombo kisichojua kinatazama nini. Mtu aiachaye kazi hiyo kwa mashine, kisha picha ikiharibika akaisingizia mashine, au akaisingizia ngozi ya aliyepigwa picha, amekimbia wajibu wake. Wahenga walikwisha kumwona mtu huyu waliposema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Watetezi wake ni wengi, na baadhi yao ni wasomi wenzangu. Kwa hiyo yafaa hoja zao zisikilizwe moja moja na kujibiwa.

Lakini kwanza tuyatenge mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna nuru ipokewayo, na kuna ung'avu wa picha. Nuru ipokewayo ni ile iliyoingia kweli ndani ya kamera katika sehemu ile ndogo ya sekunde ambayo pazia lilikuwa wazi. Huamuliwa na upana wa tundu la lenzi, na muda wa pazia, na wingi wa nuru yenyewe iliyokiangukia kitu kinachopigwa picha. Ung'avu wa picha ni jinsi picha inavyoonekana baadaye kiooni au karatasini, nao huweza kuongezwa au kupunguzwa hata mwakani. Hesabu iitwayo ISO, ambayo wengi huihesabu kuwa ndugu wa tatu wa tundu na pazia, kwa hakika imo katika fungu hili la pili: haiingizi hata chembe moja ya nuru zaidi, bali hukuza kile kilichokwisha kuingia. Ajuaye tofauti ya mambo haya mawili ameshika nusu ya ufundi. Asiyeijua atakuwa kama mpishi adhaniye kuwa kuongeza maji katika mchuzi ni sawa na kuongeza nyama.

Kipimo cha ufundi huu ni maradufu. Tundu la f/8 likifunguliwa hadi f/5.6, nuru huingia maradufu. Pazia la 1/250 ya sekunde likiwekwa 1/125, nuru huingia maradufu vile vile. Kila maradufu, au kila nusu, tuiite daraja moja. Madaraja mawili juu ni nuru mara nne. Madaraja mawili chini ni robo ya nuru.

Sasa tukitazame kipima nuru kilichomo ndani ya kamera, maana hicho ndicho kinachoitwa akili. Chombo hiki hakipimi nuru inayomwangukia mtu. Hupima nuru inayorudi kutoka kwake na kutoka kila kilicho kando yake. Kwa kuwa hakijui kimeelekezwa wapi, kimefundishwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitakuwa kijivu cha kati, kile ambacho wapiga picha wamezoea kukikadiria kuwa kinarudisha asilimia 18 ya nuru. Kionyeshe kanzu nyeupe, kitataka kuifanya kijivu. Kionyeshe buibui, kitataka kulifanya kijivu. Kionyeshe theluji ya Kilimanjaro au mchanga wa pwani, dhana yake ni ile ile. Hakina ubaya na mtu, wala hakina wema kwa mtu. Kina dhana moja, na dhana hiyo ni sahihi mara nyingi tu, si mara zote.

Rudi sasa kwenye ukuta wetu wa chokaa. Ukuta mweupe hurudisha nuru mara nne au zaidi ya kijivu kile. Ulichukua sehemu kubwa ya picha, na kipima nuru kilipouona kikapiga kelele kwamba nuru imezidi. Kamera ikatii, ikapunguza nuru kwa madaraja yapatayo mawili, mpaka ukuta ukawa kijivu kama ilivyotarajiwa. Uso wa binti yule, uliokuwa mbele ya ukuta, ukapata robo ya nuru iliyoustahili. Je, hapo ngozi yake ilikosa nini? Ukuta ndio uliopimwa, na yeye ndiye aliyeadhibiwa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu ni kwamba maelezo haya ni ya kale. Wanasema kamera za leo hazikadirii kwa wastani tu. Zimepewa programu za kutambua nyuso, nazo huupima uso kabla ya ukuta. Nakiri kwamba hatua imepigwa, na kwamba zipo kamera na simu zinazofanya vizuri kuliko za jana. Lakini programu ya kutambua nyuso imefundishwa na nyuso gani? Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walitoa utafiti juu ya programu tatu za biashara zilizokuwa zikibainisha jinsia ya mtu kwa kuutazama uso wake. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi, katika programu moja, yalifika asilimia 34.7. Hizo hazikuwa programu za kupima nuru, wala sitaki kuzisingizia kazi isiyo yao. Ila zatufunza kwamba mashine huona vizuri kile ilichoonyeshwa sana, na kwamba neno "akili" likitiwa katika tangazo la bidhaa haliondoi haja ya akili ya mnunuzi.

Tena hoja hii inaweza kujaribiwa na mtu yeyote kwa dakika kumi. Jioni ya siku ile ile niliiazima kamera ile ile. Nilimweka binti yule barazani, penye kivuli, uso wake ukielekea uwanja uliong'aa kwa jua, na mgongo wake ukielekea mlango wa mbao. Nikaamuru kamera ipime uso peke yake, kisha nikaipunguzia daraja moja, maana kama ningekifuata kipima nuru kingeugeuza uso wake kijivu cha kati, na yeye si wa kijivu cha kati. Ni mweusi, na weusi wake una wekundu kwa chini kama mti wa mpingo uliopigwa msasa. Picha ikatoka. Hapakuwa na kompyuta, wala taa, wala muujiza. Chombo kilichosemwa kuwa hakisemi uongo kilisema jambo jingine kabisa kwa sababu kiliulizwa swali jingine.

Hoja ya pili ni ya wale wasemao: tutarekebisha baadaye. Hawa ndio wengi katika ofisi zetu, na msemo wao umekuwa kama kinga ya uvivu. Tuwajibu kwa hesabu. Kamera nyingi nzuri, zikihifadhi faili ghafi, huandika kila nukta ya picha kwa hesabu yenye ngazi 16,384. Ngazi hizo hazikugawanywa sawa baina ya madaraja ya nuru. Daraja la juu kabisa, lenye nuru nyingi, huchukua nusu yake, yaani 8,192. La pili huchukua 4,096. La tatu 2,048. La nne 1,024. La tano 512. La sita 256. Uso mweusi uliopaswa kukaa katika daraja la nne ukishushwa madaraja mawili, unaandikwa kwa ngazi 256 badala ya 1,024. Hapo bado tunazungumzia faili ghafi. Picha ya JPEG, ambayo ndiyo kamera na simu nyingi huitoa zisipoamriwa vingine, ina ngazi 256 kwa kila rangi kwa picha nzima, tangu kiza hadi weupe.

Wala tatizo si ngazi peke yake. Nuru yenyewe huja kwa chembe, na chembe hizo huanguka kama matone ya mvua katika vikombe vilivyopangwa uani: mvua ikiwa kubwa, vikombe vyote hukaribia kujaa sawa, yakiwa ni manyunyu, kikombe hiki hupata matone matano na jirani yake mawili. Nuru ikipunguzwa hadi robo, tofauti hiyo ya bahati huwa maradufu kwa kulinganishwa na picha yenyewe. Hizo ndizo chenga. Unapoongeza ung'avu katika kompyuta, unakuza uso na unakuza chenga pamoja, kwa kipimo kimoja, maana programu haijui lipi ni shavu na lipi ni bahati. Ikijaribu kuziondoa chenga kwa kulainisha, hulainisha pia kipele, mkunjo na chale, yaani alama zile zile zinazomfanya mtu kuwa mtu huyu na si mwingine.

Upande wa pili nako kuna hasara, na haki yataka niitaje. Nuru ikizidi hadi kikombe kikafurika, kilichofurika hakirudi. Kanzu iliyopata nuru kupita kiasi hupoteza nyuzi zake na darizi ya shingoni, ikabaki shimo jeupe, na hapana programu iwezayo kushona darizi isiyopigwa picha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo bwana harusi mweusi ndani ya kanzu nyeupe, juani, saa sita mchana, ni mtihani wa kweli: ukiuokoa uso unaipoteza kanzu, ukiiokoa kanzu unaupoteza uso. Fundi huutatua mtihani huo kwa kumhamishia kivulini, au kwa kumrudishia nuru usoni kwa kitambaa cheupe au taa ndogo. Asiye fundi hubonyeza kitufe, akamtazama bwana harusi kana kwamba ndiye aliyekosea kuzaliwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na wenye kuisema nawaheshimu. Wanasema kwamba lawama si ya mpiga picha bali ya viwanda, kwa kuwa vyombo hivi viliundwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Historia iko upande wao. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha filamu za rangi zilipelekewa na kampuni ya Kodak kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Lorna Roth, mtaalamu wa Kanada aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2009, alionyesha kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyowafanya watengenezaji waiangalie upya filamu yao, yalikuwamo ya wenye biashara ya chokoleti na ya samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Mtu mweusi hakusikilizwa, kabati lilisikilizwa. Huko Afrika Kusini kamera za Polaroid zilitumika kutengenezea picha za vitambulisho vya pasi, vile vilivyomfunga Mwafrika katika nchi yake mwenyewe, na kamera ya aina ya ID-2 ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya taa. Mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, wakiongozwa na Caroline Hunter na Ken Williams, waliinuka kuipinga biashara hiyo, na mwaka 1977 kampuni ikajitoa Afrika Kusini.

Haya yote ni kweli, na mwanafunzi asiyeyajua hajaijua picha. Lakini tazama hitimisho linalotolewa: kwa kuwa kiwanda kilidhulumu, basi sisi tungoje kiwanda kitubu. Na viwanda vimeanza kutubu. Google, kwa mfano, ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021, ilijinadi kwamba imeirekebisha kamera yake iwatendee haki watu wa rangi zote. Vema. Lakini mtu anayengoja simu ijayo ndipo uso wa mama yake uonekane, amemkabidhi muuza simu uso wa mama yake. Wala hakukosekana mfano wa kufuata. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Hakuwa na kompyuta wala kioo cha kutazamia alichokipiga. Alikuwa na kamera ya sanduku, filamu ya nyeusi na nyeupe, na nuru ya jua uani kwake, na kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu, kwa kuwa filamu ilikuwa ghali. Tazama picha zake leo. Weusi wa nyuso ni weusi wa kweli, wala hakuna shavu lililopotea. Zanzibar nayo Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vya watu wa Unguja vikapita mbele ya lenzi yake. Mafundi wa namna hii hawakupewa vyombo vya haki. Walivitoza haki kwa kuvijua.

Tena kihisi cha kamera ya dijitali, tofauti na filamu ile ya rangi, hakina dawa iliyochanganywa kwa kumfikiria Shirley. Huhesabu nuru inayofika, basi. Upendeleo uliobaki umo katika dhana ya kipima nuru, katika programu zinazopaka picha rangi baada ya kupigwa, na katika kichwa cha mpiga picha. Dhana ya kipima nuru inaweza kupinduliwa kwa kidole kimoja. Programu zinaweza kuzimwa. Kikibaki kichwa, hapo tena hatuwezi kulaumu Kodak.

Hoja ya nne haisemwi kwa kinywa, lakini hutendwa zaidi kuliko zote. Ni ya wale wanaoamini kwamba dawa ya kiza ni weupe. Hawa, wakipewa uso mweusi, huuvuta juu mpaka ufanane na maji ya kunde, na maji ya kunde mpaka ufanane na Mzungu aliyekaa juani. Na siku hizi simu nyingi huwasaidia, kwa sababu zimetiwa programu za kuipamba sura, ambazo huilainisha ngozi na kuing'arisha. Mteja akifurahi, wanasema kazi imekwisha. Mimi nasema huu ni ule ule ufisadi wa ukuta wa chokaa uliogeuzwa nguo. Kule mtu alinyimwa nuru yake, huku amebambikwa isiyo yake. Na kote kuwili aliyesimama mbele ya kamera hakuonekana. Ngozi nyeusi haidai kuwa nyeupe ili ionekane. Yadai nuru ya kutosha ili weusi wake uwe na umbo: mng'ao juu ya paji la uso, kivuli chini ya shavu, na ngazi zote zilizo katikati.

Msomaji aweza kuuliza: mwalimu wa Kiswahili ana nini na haya? Nina mengi, nami nitataja moja tu. Elimu yetu imesimama juu ya miswada. Tenzi na barua za pwani ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu tangu zamani, na nyingi zimo katika hazina za vyuo, kama ule mkusanyo wa Dar es Salaam ambao orodha yake iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilitolewa mwaka 1970. Nyingine bado zimo masandukuni mwa watu majumbani. Leo mwanafunzi anayekwenda kuzitafuta hachukui daftari la kunakilia. Huchukua kamera au simu, akapiga kurasa mia kwa saa moja, akarudi na ushindi. Mzee aliyeufungua mswada huenda asiufungue tena. Karatasi huenda mchwa wakaifikia kabla ya mtafiti wa pili.

Na ukurasa ni nini mbele ya kipima nuru? Ni ukuta wa chokaa. Karatasi nyeupe iliyojaa picha nzima hugeuzwa kijivu, na wino wa kahawia uliofifia huzama pamoja nayo. Katika hati hii, nukta si pambo. Be, te na the zina kiwiliwili kimoja. Nukta moja chini, mbili juu, au tatu juu, ndizo zinazozitenga. Na nuni na ye zikiwa katikati ya neno huingia katika ukoo huo huo. Picha iliyokosa nuru, ikiongezwa ung'avu baadaye, huzaa chenga, na chenga moja iliyokaa vibaya juu ya kiwiliwili cha herufi yaweza kusomwa kuwa nukta. Picha iliyozidi nuru huimeza nukta iliyofifia. Basi mhakiki wa kesho atabishana juu ya usomaji wa neno, atajenga nadharia juu ya lahaja ya mtunzi, na chanzo cha yote kitakuwa daraja moja na nusu la nuru ambalo mwanafunzi hakuliongeza. Tunawafundisha wanafunzi wetu vina na mizani, tunawafundisha nadharia za uhakiki zenye majina marefu, kisha tunawatuma kwenye chanzo chenyewe cha elimu wakiwa vipofu wa chombo walichoshika mkononi. Nikiuliza kwa nini, naambiwa kwamba hiyo ni kazi ya mafundi, si ya wasomi. Nami nauliza: yule aliyenakili mswada kwa kalamu ya mwanzi, akachonga ncha yake mwenyewe na kupika wino wake mwenyewe, alikuwa fundi au msomi?

Wala kinachotakiwa si kigumu. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ndicho kinachomwambia kipima nuru kwamba dhana yake imekosea hapa. Karatasi nyeupe au ukuta mweupe ukijaa katika picha, ongeza daraja moja hadi mawili. Buibui au joho jeusi likijaa katika picha, punguza daraja moja. Penye simu, gusa uso wa mtu kiooni, kisha katika simu nyingi itatokea alama ya jua au mstari wa kuvuta. Vuta juu au chini. Soma ile grafu ya nuru ambayo kamera huionyesha: vilima vyake vikiwa vimebanana ukutani upande wa kulia, kuna kilichofurika, vikiwa vimebanana kushoto, kuna kilichozama. Usikiamini kioo cha nyuma ya kamera ukiwa juani, maana ung'avu wa kioo si nuru ya picha. Hifadhi faili ghafi kila kazi iwapo ya maana. Katika ukurasa wa mswada, piga picha tatu kwa vipimo vitatu, maana nafasi ya kuhifadhia ni rahisi kuliko nauli ya kurudi Lamu.

Na kama kipima nuru kinakutatiza, jipimie kwa jua, kama walivyofanya mafundi wa filamu. Jua likiwa kali na mbingu haina wingu, tundu la f/16 kwa ISO 100 na pazia la 1/100 au 1/125 ya sekunde hutosha kwa kuanzia. Kanuni hiyo haiulizi nani amesimama mbele ya kamera, mweusi au mweupe, wa kanzu au wa buibui. Hutazama nuru inayowaangukia wote, ikampa kila mmoja rangi aliyo nayo. Usawa huo ulikuwapo katika kanuni ya kale kabla mashine haijaanza kutusaidia kufikiri.

Nataka basi mambo mawili. Idara zinazowatuma wanafunzi miswadani ziwafundishe kwanza kupima nuru, na zikatae kupokea picha ya mswada isiyosomeka kama zinavyokataa tasnifu isiyosomeka. Na ofisi yoyote inayotoa picha ya mtu, iwe ya kitambulisho, ya ubao au ya kitabu cha wahitimu, isimwambie mwenye uso kwamba uso wake ndio uliokosea. Picha ile ya ukuta wa chokaa ilikuwa bado ubaoni mara ya mwisho nilipopita. Kamera iko kabatini, ukuta uko pale pale, na baraza ina kivuli tangu saa tisa. Irudiwe.